Mawe ya Vilima vya Lafey

Wanafunzi wangu wa jiografia mjini Garissa walijifunza mawe kwa kutazama picha. Wengi walikuwa wamekulia mchangani, na nikitaja jasi au chokaa waliandika tu. Likizo moja, katikati ya miaka ya tisini, niliamua kuwaletea mawe yenyewe.

Kutoka Garissa nilipanda lori la sukari, katika msafara uliosindikizwa na polisi. Wajir tulipumzika, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Karibu na El Wak niliokota jasi, jiwe jeupe laini ambalo hata ukucha hulikwaruza.

Lafey nilipokewa na Abdi, mwalimu niliyesoma naye chuoni. Kesho yake alikuwa na harusi ya nduguye, kwa hiyo nilikwenda vilimani peke yangu. Huko nikapata mawe ya chokaa yenye alama za konokono wa baharini, mahali ambapo bahari haionekani hata kwa ndoto. Nilijaza mfuko.

Jua lilipopanda niliteleza. Kifundo cha mguu kikavimba, chupa ya maji ikapasuka. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Aliyenisikia ni mama mmoja, Halima, aliyekuwa akitoka kisimani na ngamia wake.

"Walaal, nafanya nini hapa?" akaniuliza, akiniita ndugu, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali.

"Natafuta mawe, mama."

Aliutazama mfuko, akautazama mguu. "Kunywa maji. Bole bole."

Kisha akamlaza ngamia, akashusha madumu yote ya maji na kuyaficha chini ya mgunga. Nilijua nyumbani kwake yanangojewa.

"Banda," akasema, akinishika mkono nipande.

Nilimwambia mfuko tuuache. Akautia begani. "Wewe natoka mbali sababu ya hii. Mimi nabeba."

Alasiri tuliingia Lafey. Alikataa chai, akageuka kuyafuata maji yake.

Nilipoweza kukanyaga, Abdi alinipeleka kumshukuru. Kambini kwao tulikuta majivu na nyayo za ngamia tu. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa mpakani, nao wakahama.

"Muombee dua," Abdi akaniambia. "Hiyo itamfikia."

Tangu siku hiyo namwombea.

Garissa, wanafunzi walipokezana yale mawe, wakipapasa konokono kwa vidole. Msichana mmoja akauliza niliwezaje kushuka na mzigo mzito hivyo. Nikaketi, nikawasimulia habari za Halima, na somo la mawe tukaliacha mpaka kesho yake.