Herufi za Kupapasa

Nyumba ya Evarista pale Makole ilipakana na ya Loisi kwa ua wa minyaa tu, tena minyaa yenyewe ilikuwa na tundu la kupitishana moto, chumvi na maneno. Evarista alikuwa Mhehe aliyeletwa Dodoma na kazi. Loisi alikuwa Mgogo wa hapa hapa, muuza vitumbua. Na Mhehe akikaa ua mmoja na Mgogo, wewe unayesikiliza unajua mwenyewe yanayofuata: utani hauna likizo.

"Mtani, mbona leo mbwa wa mtaa wamekuwa wachache?" Loisi angeuliza asubuhi, akichungulia chungu cha mwenzake.

"Wamesikia njaa ya kwenu, wamehama," Evarista angejibu, na siku ingekuwa imeanza.

Kazi iliyomleta Evarista ilikuwa ya kupiga chapa wizarani. Miaka yote ile vidole vyake vilikimbia juu ya taipureta huku macho yakiwa kwenye karatasi ya bosi. Alipostaafu, macho nayo yakastaafu. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha, vivuli vya watu, na rangi kali. Maandishi yalikwenda moja kwa moja.

Hakulia sana. Alijifunza njia ya kanisani kwa miguu, akajifunza noti kwa ukubwa wake. Kilichomshinda kilikuwa jikoni. Vitu vyake vyote alivihifadhi kwenye makopo ya majarini, maana alikuwa nayo mengi na yalifunga vizuri, nayo yote yalikuwa sawa kama mapacha. Krismasi binti yake Emilia alipokuja kutoka Morogoro, mama akamkorogea uji. Uji ukawa mzito ajabu, unang'aa. Emilia akaonja, akaenda kuangalia kopo. Ulikuwa wanga wa kupigia nguo pasi.

"Mama," alisema taratibu, "leo ni wanga. Kesho itakuwa dawa ya panya."

"Dawa ya panya siiweki jikoni."

"Nitarudi mwezi wa nane. Nikikuta mambo ni haya haya, nakuja na begi la nguo zako. Gideoni ameshakubali."

Hapo ndipo Evarista alipoacha kubisha. Gideoni, mkwe wake, alikuwa mtu mwema, hana neno. Lakini kukaa kwa mkwe! Mkwe atashindwa kupita sebuleni na taulo lake katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mama mkwe atashindwa kuongeza hata kijiko cha mboga. Wangeishi wakikwepana kwenye ukumbi mpaka mmoja wao afe kwa heshima.

Basi Evarista akawaza. Akakumbuka kwamba ofisini, miaka ile, palikuwa na kidude cha mkononi walichobandikia majina milangoni na kwenye makabati. Unakibana kama koleo, kinatema utepe wa plastiki wenye herufi zilizovimba. Akamwomba Loisi amsindikize madukani.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza sabuni kwa kibali sasa yalijaa vitu vya Dubai mpaka mlangoni. Karibu na soko la Majengo kijana mmoja wa Kinyakyusa, Ambokile, alikuwa na duka la vifaa vya ofisi.

"Shikamoo mama. Mashine ya lebo? Umefika penyewe." Akamwekea mkononi kitu chepesi, chenye vitufe. "Hii inatumia betri. Ina kioo, unaona neno lako kabla halijatoka. Unaandika kwa herufi kubwa, ndogo, unapiga hata mstari chini. Wabunge wananunua hizi."

Akapiga neno, kikakoroma, kikatoa karatasi. Evarista akaipokea, akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa laini kama ganda la yai.

"Umeandika nini hapa?"

"Nimeandika KARIBU, mama."

"Mimi sijakaribishwa. Nyingine?"

Ambokile akacheka, akasema nyingine ipo lakini ni ya kizamani, ingekuwa aibu kumuuzia mama wa heshima. Evarista akasema aibu ataibeba mwenyewe. Ikatolewa chini ya meza, ikapulizwa vumbi. Ilikuwa na kigurudumu juu chenye herufi pembeni. Unazungusha mpaka herufi unayoitaka, unabana mkono, inagonga. Ambokile akagonga neno lile lile, akakata. Evarista akalipapasa. Akalipapasa tena, polepole, na uso wake ukafunguka.

"K," alisema. "A. Hii R imechoka kidogo. I, B, U."

"Mtani anasoma kwa kidole," Loisi akamwambia muuzaji. "Angalia sana mifuko yako."

Wakaondoka na ile ya kigurudumu, pamoja na utepe wa buluu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuharibu utepe. Mtu asiyeona atajuaje kigurudumu kimesimama wapi? Evarista alidondoshea tone la nta ya mshumaa pembeni ya A. Akitoka hapo, kigurudumu kililia tik kwa kila herufi, naye akafuata kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza: A, B, C, D. Akikosea anarudi kwenye nta. Vidole vyenyewe vilikuwa vya mpiga chapa. Baada ya siku chache havikuhitaji tena kuhesabiwa. Kazi nyingine ilikuwa kumenya karatasi ya mgongoni ili gundi itokee. Akagundua kwamba akiacha mkia mtupu mwishoni mwa neno, kucha inapata pa kuanzia.

Akaosha makopo kwa maji ya moto na sabuni, maana gundi na mafuta hawapatani, akayakausha juani. Alipojaribu kubandika ubavuni, utepe ulinyooka na kubanduka, kwa kuwa kopo ni la mviringo na plastiki ni ngumu. Akabandika juu ya vifuniko, palipo bapa. Ukashika. SUKARI. CHUMVI. UNGA. WANGA, huyo akahamishiwa chumbani kabisa. Mlenda mkavu aliouletewa na Loisi aliubandikia MLENDA, na Loisi alipousoma akauliza kopo la nyama ya mbwa liko wapi, au limekwisha.

Watu wengine mtaani walikuwa wameanza kumzungumzia Evarista kwa sauti ya chini, ile ya kuzungumzia wagonjwa, hata yeye akiwepo. Wanajumuiya walimwachia kiti cha karibu na mlango na kumkataza kuosha vikombe. Loisi hakubadilika hata chembe. Alimtania kwa sauti ile ile, akamwibia mwiko, akamrudishia baada ya kumdai kuku.

Mwezi wa nane ukafika. Asubuhi moja Loisi alipita kwenye tundu la ua na sahani ya vitumbua, akaona makopo yamepangwa mezani na mtani wake yuko nje anaanika nguo. Mkono ukamwasha. Akaingia, akaiweka sahani mezani, akachukua kifuniko cha sukari akakitia kwenye chumvi, cha chumvi kwenye sukari, akatoka zake kwenda kuuza, huku akicheka peke yake njiani. Hakujua kwamba siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, basi la Morogoro lingemshusha Emilia, na begi kubwa tupu limekunjwa chini ya kwapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo mimi ndiye nakuhudumia."

Evarista akamwonyesha makopo, akamwonyesha mashine, akasonga mbele ya jiko lake kama bibi harusi. Maji yakachemka, majani yakatiwa. Akashika vifuniko, akasoma kwa kidole, akafungua SUKARI, akatia vijiko vitatu kama Emilia anavyopenda, akakoroga.

Emilia akanywa. Kikombe kikarudi mezani bila sauti.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu, mama."

Mama mtu akanyoosha mkono, akavuta kikombe, akaonja. Chumvi tupu. Akasikia Emilia akiinuka na kukunjua begi, zipu ikilia kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

Akarudi kwenye makopo. Kifuniko kinasema SUKARI. Akachovya kidole: chumvi. Akafungua CHUMVI, akachovya: sukari. Sasa, kama angekosea yeye kujaza, angekosea moja. Haya mawili yalikuwa yamebadilishana nafasi kwa ustadi, na kando yake palikuwa na sahani ya vitumbua ambayo yeye hakuiweka. Evarista akaenda kwenye tundu la ua.

"Mgogo! Njoo hapa."

Loisi, aliyekuwa amerudi na beseni tupu, akapita kwenye tundu akicheka tayari. "Chai imekolea, mtani?"

Ndipo akamwona Emilia amesimama na begi, na kicheko kikamkatikia.

"Ni wewe?" Emilia akauliza. "Mama mdogo, unamchezea mtu asiyeona?"

Loisi akatafuta pa kuweka mikono. "Mwanangu, mimi... ni utani wetu tu. Sikujua kama unakuja."

"Na ingekuwa sumu?"

"Emilia," mama yake akasema, "mwache. Mtaa mzima wananionea huruma. Huyu peke yake ndiye bado ananiona mtu mzima. Faini ya kuku atanilipa, lakini usimfundishe kunihurumia." Akageuka upande wa kivuli cha Loisi. "Na wewe kapulize mkaa. Kosa la kuweka jina kwenye kofia badala ya kwenye mtu ni langu. Kofia huvaliwa na yeyote."

Akakaa, akaweka mashine mapajani. Tik, tik, tik, akabana. Emilia alisimama mlangoni akitazama, midomo ya mama yake haichezi tena, vidole vinakwenda vyenyewe. Neno likatoka. Evarista akaushika utepe kwa ncha za vidole juu ya joto la mkaa, mbali kidogo, mpaka plastiki ikalegea, akaubandika ubavuni mwa kopo na kuushikilia mpaka ukapoa. Safari hii haukunyooka. Akafanya la pili. Akapapasa moja, akatia vijiko vitatu kwenye chai nyingine, akamsogezea binti yake.

Emilia akanywa yote. Begi likabaki limefunguliwa kitini.

Asubuhi Emilia aliamka kabla ya mama yake. Akaenda jikoni, akabadilisha vifuniko: cha unga kwenye sukari, cha sukari kwenye chumvi, cha chumvi kwenye unga. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasubiri.

Evarista akaingia, akawasha jiko, akaweka maji. Mkono wake ukapita ubavuni mwa makopo, ukasimama kwenye moja, ukafungua, ukachota. Alipomaliza, kidole kikagusa kifuniko alichokishika. Akatabasamu. Akapapasa vyote vitatu, akakirudisha kila kimoja kwa mwenyewe.

"Mtani ameanza kuja mapema," alisema.

"Siyo Loisi, mama."

"Najua. Loisi angekuwa ameshacheka."

Siku ile Loisi alileta jogoo, akalalamika kwamba Wahehe hawana huruma, akabaki kumla naye. Chumvi ilikolea inavyotakiwa. Na Emilia alipoondoka kesho yake, lile begi kubwa halikuwa na hata gauni moja la mama yake. Lilijaa karanga, ubuyu na mlenda mkavu, na kwenye mshikio wake ulizungushwa utepe wa buluu ulioandikwa GIDEONI, ili mkwe ajue ni zake, na ajue pia kwamba mama mkwe amebaki kwake mwenyewe.