Honi Iliyoitika Ukunguni

Haki ya Mungu, haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja hata funda la pombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwasimulia jambo kama hili wanakusogelea mdomoni kukunusa. Haya, nuseni! Nilikuwa dereva wa lori enzi za Mwingereza, na dereva mlevi kwenye barabara ile ya Tunduma kwenda Mbeya hakudumu. Tena mimi si mtu wa kuamini ovyo. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikiletewa chai, namtazama kwanza aliyeileta.

Mimi na mke wangu huyo tulikuwa tunaitana kwa koo zetu, kama ilivyo kwetu Wanamwanga. Mwanamume wa ukoo wangu ni Simwinga. Dada zake na binti zake ni Namwinga. Mwanamke akiolewa habadilishi, anabaki na ukoo wa baba yake. Kwa hiyo mimi Simwinga, yeye Nachula. Shika hilo vizuri, maana bila hilo hutanielewa.

Wakati ule alikuwa na mimba, miezi imetimia. Kabla yake tulishazika watoto wawili ambao hawakuwahi hata kulia. Safari hii tuliapa azalie hospitali ya misheni kule juu Mbozi. Nikamwomba tajiri wangu ruhusa, nikampandisha Nachula mbele pamoja nami, nyuma nikiwa nimepakia magunia ya mahindi. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye tumbo lile. Kila shimo la barabara nililipita kama nimebeba mayai.

Tulipoanza kupanda milima, ukungu ukatushukia. Wa kule unaujua? Saa nane za mchana huoni mbele ya boneti. Basi ikawa kila kona napiga honi.

Sasa subiri nikueleze habari ya honi, kwa sababu ndiyo kisa chenyewe. Wengi wanadhani ukibonyeza kitufe pale kwenye usukani, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye honi. Wapi! Honi ya lori inakula umeme mwingi, ungeunguza kale kawaya ka usukani. Katikati pana kidude, chini ya boneti, kinaitwa rilei. Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa waya mwembamba, na juu yake kuna kaulimi ka bati. Ukibonyeza kitufe, umeme kidogo unapita kwenye ule waya, chuma kinageuka sumaku, kinavuta ulimi. Ta! Ulimi ukigusa, ndipo umeme mkubwa wa betri unapata njia ya kwenda kwenye honi. Fundi aliyenifundisha, mtu wa Nyasa, alikuwa akiniambia, "Kitufe hakipigi honi, bwana. Kitufe kinaita tu. Rilei ndiyo inaitika."

Kwenye kona moja nikapiga honi, na mbele yangu, katikati ya barabara, nikaona mwanamke amesimama. Nikakanyaga breki mpaka magunia yakagonga kebini. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kaniki. Nikatoa kichwa, nikamwamkia. Hakuitikia. Akazunguka polepole upande wa Nachula, akaweka mkono kwenye mlango, akamtazama. Hakumtazama usoni. Alitazama tumbo.

Nikamshuku palepale. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, majani yote yamelowa, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa kichwa nje kidogo tu nikalowa. Kaniki yake ilikuwa kavu. Kavu kabisa, niamini, kama imetoka kuanuliwa.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamuuliza kwa ukali.

Akarudi nyuma hatua chache, ukungu ukammeza. Wakati huohuo injini ikazimika. Nikawasha, haikuwaka.

Kisha tukasikia anaita, sasa sauti inatoka mbele ya lori. "Namwingaaa!"

Nachula akanishika mkono. Kwetu hata mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona, usiitike; ukiitikia jina lako, umekwenda naye. Nyamaza mpaka uuone uso. Lakini mimi, utacheka, nilishusha pumzi. Namwinga? Humu ndani hamna Namwinga! Mimi Simwinga, huyu Nachula. Dada yangu aliye Namwinga yuko ng'ambo Rodeshia. Nikajisemea, bibi huyu amekosea lori.

"Namwingaaa!"

Ta! Nikasikia chini ya boneti. Honi ikalia.

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nachula aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Simwinga, nani amebonyeza?"

"Waya zimegusana," nikasema. "Ni unyevu huu." Na kweli ndivyo nilivyodhani. Gari ni chuma na waya, kila jambo lina sababu yake. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaunyofoa ule waya mwembamba unaotoka usukanini. Sasa rilei haina wa kuiita. Hata ungekalia kitufe, honi isingelia. Nikatoa na kifuniko chake ili nione.

Sauti ikaita tena, safari hii karibu, kama iko ng'ambo ya taa ya lori. Na mimi, kwa macho haya haya, nikaona ulimi unashuka. Ta! Honi ikanipigia usoni nikaanguka chali kwenye tope. Waya niliounyofoa nilikuwa nao mkononi. Sasa niambie wewe unayejua mambo ya umeme, nani aliuvuta ulimi ule?

Humo ndani Nachula akapiga yowe. Nikakimbilia mlangoni. Alikuwa amelikumbatia tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Si sisi anaotuita," akasema. "Ni huyu. Kila akiita, anaruka. Simwinga, mtoto anataka kumwitikia!"

 Namwinga! Binti wa Simwinga ni nani kama si Namwinga? Hata sisi wenyewe hatukujua tumboni mna mtoto wa kike. Yule aliyekuwa ukunguni alijua.

"Namwi—"

Hakulimaliza jina. Nachula akajitokeza dirishani, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Abee! Nipo! Niite mimi!"

Nikamziba mdomo, nimechelewa. Sauti ikakoma. Nikatazama kwenye boneti, ulimi wa rilei umetulia juu. Nikaifunga, nikapanda; nilipogusa stati, injini ikawaka mara moja, na sikupiga honi tena mpaka misheni.

Mtoto alizaliwa usiku uleule. Wa kike. Alilia, jamani, alilia mpaka mimi nikalia naye. Ile rilei nilimpelekea fundi wangu, akaipima, akaona nzima. "Maji yaliingia," akasema. Nilipomwambia kwamba waya nilikuwa nao mkononi, akanirudishia kidude changu, akaenda kunawa.

Ungedhani yaliishia hapo? Mtoto hajaanza kukaa, Nachula akaanza kuitika. Yuko anapeta mahindi, hakuna aliyemwita, mara anaweka ungo chini: "Abee!" Kisha anaendelea na kazi. Mimi sisikii kitu. Nilimshuku, nakiri, nilidhani ana siri na yule bibi, nikamfuata hata kisimani. Mwishowe akanigeukia kwa hasira. "Unanichunga nini? Anamwita mwanao! Nisipowahi mimi, ataitika mwenyewe."

Basi nikamwacha. Miaka yote hiyo ameitika yeye, akila, akisali, akiwa na homa. Binti yetu amekua, ana akili, mcheshi, na hajui lolote. Nyumbani tunamwita kwa jina la ubatizo tu.

Lakini mwaka huu Nachula aliugua malaria kali, akanyweshwa kwinini nyingi. Alipona, masikio yakaziba. Ukimsemesha inabidi umguse bega. Juzi tulikuwa uani watatu, tunapukuchua mahindi. Nachula ameinamia kazi yake. Binti akainua kichwa, akatazama barabarani kusikokuwa na mtu, akafungua mdomo.

Nilimrukia. Nikamziba kwa kiganja mpaka meno yake yakanikata.

"Baba, una nini?" akaniuliza, machozi yanamlengalenga. "Kuna mama ananiita."

Lori nimeliacha. Nashinda naye, nalala mlangoni pake, na masikio yangu hayasikii kile anachosikia yeye, kwa hiyo namtazama mdomo tu. Wewe unayenisikiliza, ukiitwa na usiyemwona, funga kinywa, hata kama jina si lako. Tazama kwanza umebeba nani. Na ukipita kwangu ukamtaka binti yangu, nakuomba, ingia mpaka uani akuone uso. Usimwite ukiwa barabarani.