Mvua Imefika Ruiru, Erastus Hajapanda

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Ukungu umelala juu ya mibuni upande wa mto Theta, na mlango wa nyuma wa jiko kubwa unasukumwa kwa mguu. Erastus Odhiambo anatoka amekumbatia debe kwa mikono miwili.

Ndani ya debe mna maganda ya viazi, majani ya chai, maganda ya mayai na kabichi ambayo wageni wa Memsahib, bibi Mzungu wa shamba hili, hawakuimaliza jana. Anashuka nalo polepole. Mvua imeifanya njia ya udongo mwekundu iteleze kama sabuni.

Nyuma ya ua wa michongoma kuna mashimo matatu. La kwanza linajazwa, la pili linaoza, la tatu limeiva. Erastus anamwaga debe katika lile la kwanza, anatandaza majivu na majani makavu juu yake. Kisha anachomoa fimbo ndefu iliyosimikwa katikati ya shimo la pili na kuishika ncha yake kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto paji la uso.

"Ina homa hii," anasema. "Ikipoa nitaigeuza."

Kando ya mashimo yapo matuta sita, yamenyooka kama yamepigwa kamba. Mvua imenyesha siku tisa sasa. Katika bustani za majirani miche imekwisha kutokeza. Kwa Erastus hakuna hata jani moja.

Mbegu anazo, zimefungwa katika vitambaa chumbani mwake. Nguvu anazo. Hataki kupanda.

Erastus ana umri wa miaka arobaini na tisa. Alikuja kwenye shamba hili la kahawa mwaka 1951 kutoka kwao karibu na Yala, akapewa kazi ya kuosha sufuria na kumsaidia mpishi. Analipwa shilingi sabini kwa mwezi, pamoja na posho ya unga, na chumba kimoja katika laini za wafanyakazi. Chumba kina upana wa futi kumi. Kilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja, na miaka yote saba mtu huyo amekuwa peke yake.

"Jioni nikifunga mlango," anasema, "nasikia watu wa chumba hiki wakicheka, na wa chumba kile wakigombana. Hata ugomvi ni kitu. Mimi nagombana na nani?"

Mashimo haya yalianza kwa sababu ya uchungu. Alipofika, alikuta takataka zote za jikoni zikitupwa kwenye korongo na kuchomwa. Kwao, mama yake hakuwahi kutupa ganda. Kila kilichobaki jikoni kilikwenda kwenye orundu, bustani ndogo nyuma ya nyumba, na orundu ikawalisha.

Mwaka wa kwanza alikosea. Kinu cha shamba kilikuwa kinamenya kahawa, na maganda mabichi yalikuwa mengi, ya bure, mekundu na yenye maji. Aliyachukua madebe ishirini akayafukia moja kwa moja kwenye matuta. Ndani ya wiki moja miche yake yote ilikuwa imekauka.

"Niliipika ikiwa hai," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Tangu hapo maganda ya kahawa hulala shimoni miezi mitano, yakichanganywa na ya jikoni, kabla hayajagusa mche. Kwa mbolea hiyo amelima karoti na vitunguu vya meza ya Memsahib, na kwenye matuta mawili ya mwisho, mboga za kwao, mnavu na mgagani. Hizo hupika mwenyewe, Jumapili, na kula mwenyewe.

Kwa nini basi mwaka huu matuta ni matupu?

Jibu liko Yala, kwa mke wake, Aketch. Katika desturi ya watu wa kwao, mbegu ya kwanza ya mwaka haitiwi ardhini na yeyote tu. Mwenye mji, yaani baba wa boma, na mke wake hulala nyumba moja usiku wa kuamkia siku ya kupanda, na asubuhi huingia shambani pamoja kuanza. Wakishaanza wao, wake za watoto wao hufuata. Mwenye mji asipokuwapo, mji mzima hungoja, hata mvua ikinyesha namna gani.

Miaka ya mwanzo haikuwa shida. Likizo ya Erastus iliangukia Februari au Machi. Alikwenda, wakaanza, akarudi Ruiru na kupanda matuta yake. Mwaka jana orodha ya likizo ilibadilishwa ili ifuate kazi ya kahawa, na jina lake likasukumwa hadi katikati ya Mei.

Mvua ikaja Aprili. Aketch akangoja. Erastus naye, akiwa na mbolea tayari na udongo umelowa, akapanda. Hakufikiri. Huku hakukuwa mji, anasema, ilikuwa kazi tu. Kisha akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la maganda ya kahawa. Akaandika barua.

Alitaka kumfurahisha. Aliandika kwamba mvua ya Ruiru ni njema, kwamba amekwisha panda kabichi, vitunguu na mnavu, na mnavu umeota vizuri sana. Aketch hajui kusoma. Barua ilisomwa kwa sauti na mwalimu wa kanisa, uani, mbele ya shemeji zake na wake za wanawe wawili, watu ambao majembe yao yalikuwa yameegeshwa ukutani wiki ya nne wakimngoja mwenye mji.

Shemeji mmoja akauliza, "Amepanda na nani?"

Ilitosha. Mwanamume aliyepanda ana mke aliyepanda naye. Kabla jua halijatua, Yala nzima ilikuwa imempa Erastus mwanamke wa Ruiru.

Alipofika kwa likizo, Aketch alimpikia na kumwekea maji ya kuoga. Walianza shamba kama inavyotakiwa. Lakini hakusema naye zaidi ya lililohitajika.

"Nilimwambia, mama Awino, mimi huko niko peke yangu," Erastus anasimulia, akimwita mke wake kwa jina la binti yao. "Akaniangalia. Akauliza, 'Kabichi nazo zilijipanda?'"

Mahindi yaliyochelewa yalitoa magunia mawili, mahali ambapo huvuna saba. Tangu Juni ya mwaka jana, Erastus ameandika barua sita. Hakuna iliyojibiwa.

Mwaka huu orodha imemwandika tena Mei. Mvua ilipoanza, aliapa kwamba hatatia hata punje moja ardhini kabla ya kwake. Jumatatu iliyopita Memsahib alikuja bustanini na mwavuli, akatazama matuta matupu, akasema kwamba anatarajia wageni mwezi wa Juni na anataka karoti. Kama kufikia Jumamosi hakuna kilichopandwa, kiwanja hicho atampa mtunza maua.

Erastus alivua kofia. Hakujua aanzie wapi kumweleza mtu wa Ulaya habari za mji wake.

Rafiki yake mmoja hapa ni mpishi, Zacharia Munyao, Mkamba mwenye mvi ambaye amepika katika nyumba hii miaka ishirini. Ni rafiki kwa namna yake. Jikoni hampi Erastus nafasi ya kupumua.

"Wewe mtu wa Nyanza," alimwambia jioni ile, "udongo unaulinda kama bibi harusi. Leta mbegu nipande mimi! Mimi sina mji Yala."

"Shamba likiitwa langu, mbegu ni yangu."

"Basi mwite Magdalene apande."

"Magdalene! Unataka niuawe?"

Magdalene Waithira, aliyekuwa akipita na kikapu chake, alicheka hadi akakiweka chini. Ni mchumaji wa kahawa, mama wa watoto wanne, anayeishi katika kijiji kipya ng'ambo ya mto, mahali nyumba zilipopangwa karibu karibu kiasi kwamba bustani ya mtu ni upana wa mlango wake. Lazima awe amefika huko kabla ya kipenga cha jioni cha serikali, kwani baada yake hakuna ruhusa ya kutembea. Kuhusu mume wake anasema tu kwamba hayuko, na hakuna anayemuuliza zaidi.

"Kaai, Baba Awino," alisema, "mimi nikipanda hapa, huyo mama atakuja na panga kwa miguu kutoka Yala!"

Walicheka wote watatu. Kisha Waithira akasema kwa sauti ya chini, "Lakini unafanya vizuri kungoja. Anayengojwa hujua. Hata kama hasemi."

Jumatano asubuhi, Munyao alipeleka chai mezani mwenyewe, akasimama pale na sinia mkononi. Alimweleza Memsahib kwa maneno machache: kwamba kwa akina Odhiambo mwenye mji hapandi kwingine kabla ya kwake, kwamba nyumba tatu za watu zinangoja na majembe, na kwamba huyu mtu hatapanda hata akifukuzwa. Siku kumi zingetosha.

Memsahib aliuliza, na sufuria je?

"Nitaziosha mimi," akajibu Munyao.

Asiyejua jikoni za nyumba kubwa hawezi kupima neno hilo. Mpishi wa miaka ishirini hashiki masizi. Alikwisha kuyaacha, kama mtu anavyoacha kaptura za shule. Memsahib akasema siku kumi, si zaidi, zitolewe kwenye zile za Mei. Bustani itangoja.

Erastus alipokuja kumshukuru, Munyao alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. "Usinililie hapa," alimwambia. "Unafikiri nakupenda? Nataka karoti."

Ndiyo maana asubuhi ya leo, baada ya kurudisha fimbo mahali pake, Erastus anaanza kulichimbua kwa jembe lile shimo la tatu. Mbolea yake ni nyeusi, laini, haina harufu ila ya mvua. Ikikaa siku kumi chini ya maji haya, rutuba yake itateremka yote mtoni. Waithira amekuja na debe lake.

"Nikichukua mbolea yako," anauliza, "hawatasema tumelima pamoja?"

"Mbolea si mbegu," Erastus anamjibu. "Chukua yote. Mimi nitaoza mengine."

Anamjazia madebe kumi na manne, na Waithira anayahamisha moja moja kichwani, kuvuka daraja, hadi kwenye bustani yake ya upana wa mlango.

Jumamosi Erastus atapanda gari la moshi hapa Ruiru, abadilishe Nairobi, na Jumapili jioni, Mungu akipenda, atashuka Yala. Hajui atakuta nini. Huenda mlango utafunguliwa na uso uleule wa mwaka jana. Huenda shemeji watakuwa uani. Hajapeleka habari kwamba anakuja.

"Barua ndiyo iliyoniharibia," anasema. "Safari hii nitafika mwenyewe, nipige hodi kama mgeni."

Ana mpango mwingine pia, ambao anautaja akiwa amegeuka upande. Msimamizi wa laini huruhusu mke kuzuru kwa mwezi mmoja. Angependa Aketch aje vuli hii, akiona vema, ayatazame mashimo haya kwa macho yake, na alale katika chumba cha futi kumi ili ajue kilivyo.

Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza kuna Jumapili, na mlango.

"Ataniuliza kama huku nimekwisha panda," anasema, akiinama kulishika jembe. "Nitamwambia hapana, mama Awino. Nimekuja tuanze."