Chokaa ya Kustaafia

Baba yangu alifanya kazi ya serikali hapa Kismayo mpaka serikali ikastaafu kabla yake. Alikuwa karani wa forodha. Vita vilipoingia mjini aliondoka na shati la kazini na ahadi ya pensheni, akafia Mombasa akiwa bado anasikiliza redio kila jioni apate habari kwamba ofisi zimefunguliwa. Mimi nilirudi miaka mingi baadaye, nikaajiriwa bandarini kuandikisha vyombo vya wavuvi. Mke wangu, niliyemwoa huko huko ukimbizini, hakunikataza. Alisema tu kwamba safari hii hatutangojea uzee mikono mitupu.

Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa, na babake alikuwa mchoma chokaa. Kwetu mwanamume huenda nyumbani kwa mkewe, kwa hiyo hata uzee wangu ulikuwa umepangiwa kiwanja cha mama mkwe, hatua chache kutoka msikitini. Mshahara ukiingia kwenye simu, mke wangu alikuwa akikata fungu kabla ya unga na mafuta. Tulianza kununua mawe ya matumbawe, kisha kuni, kisha boriti. Nilipomkumbusha kwamba safari hii serikali imetuahidi kiinua mgongo, alicheka. "Pensheni yako ni ukuta," alisema. "Ukuta hauhami serikali ikihama."

Wenzangu kazini walitucheka. Saruji imejaa madukani, walisema, na nyumba ya matofali husimama kwa mwezi mmoja. Nami nilikuwa upande wao, sifichi, kwa kuwa mimi ni mtu wa pupa. Lakini mke wangu alikuwa ameona nyumba za mjini zilizojengwa kwa saruji na mchanga wa pwani, jinsi zinavyobanduka kama magamba ya samaki, na hakutaka kuhamishwa tena na chochote, hata na ukuta wake mwenyewe.

Basi tukachoma tanuri. Kuni zilipangwa duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawaka mchana kutwa. Kilichobaki kilikuwa kichuguu cheupe, tukakifunika makuti na kukiachia mvua. Chokaa changa hupasua ukuta, kila mtu wa visiwani analijua hilo. Lazima ikae, inywe maji, ipoe. Babake mke wangu alikuwa akiiacha mvua mbili, yaani misimu miwili, na nyumba ikiwa ya binti yake aliiacha zaidi, kana kwamba mapenzi nayo hupimwa kwa kungoja.

Kila tulipokwenda kisiwani nilifunua makuti na kuchokora kwa kijiti. Mke wangu alichukua kidogo, akakisugua baina ya vidole, akatikisa kichwa.

"Haiyaiva," alisema. "Ngoya."

"Mpaka lini? Nimechoka kungoja."

"Ngoya. Nawe pia huyaiva. Serikali haiyakutoa tanurini."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Alikuwa pia amekwisha kupima nyumba nzima kwa kamba: vyumba viwili, birika la maji ya mvua, na baraza mbili mlangoni, moja huku na moja huku. Ukitoka nje, ya kushoto yangu, ya kulia yake. Nilimwuliza kwa nini asikae kushoto, kwenye kivuli cha asubuhi. Akaniambia sikio langu la kushoto limekufa siku nyingi, na yeye hana nia ya kupiga kelele uzeeni.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliletwa mkufunzi kutufundisha namna ya kujiandaa na kustaafu. Alikuwa kijana nadhifu. Akaandika ubaoni hawlgab, neno la Kisomali la kustaafu, akapiga mstari chini yake. Alituambia tuweke akiba, tuwe na mradi, tusioe mke mwingine siku ya kupokea kiinua mgongo. Hapo watu walicheka sana, wengine kwa hofu. Akatukumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kisha akamtaka kila mmoja aseme atafanya nini asubuhi ya kwanza baada ya kuacha kazi. Mmoja atafuga kuku, mwingine atafungua duka la nyavu. Mimi nikasema nitakunywa chai barazani na mke wangu.

"Huo si mpango, mzee," alisema kwa upole.

Nilikereka. Nyumbani nilipomsimulia, mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Nilidhani ni cheko. Kumbe ubavu ulikuwa ukimuuma tangu mwezi wa Ramadhani na hakuniambia.

Hospitali walisema ini. Walisema pia kwamba tumechelewa, kwa sauti ya mtu anayekwambia duka limefungwa. Sikuwa na wa kumgombeza, nikawa namgombeza yeye kwa kutokula uji. Binti yetu alipanda ndege kutoka Mombasa, akamkuta bado anazungumza. Alichoomba ni kimoja, apelekwe Kudhaa. Tulimpeleka kwa mashua, amelala kwenye godoro, kichwa mapajani mwa binti yake. Alifika hai. Alikaa kwa dada yake siku chache, na dirishani aliiona ile chungu ya makuti kiwanjani. Mola akamchukua baada ya sala ya alfajiri.

Wapo wanaosema kaburi lisipakwe chokaa. Sisi tumewakuta wazee wetu wakilizungushia ukuta mfupi wa mawe, ili mbuzi na mchanga visilipoteze. Baada ya arubaini mwashi alinijia, mtu wa makamo aliyejifunza kazi kwa baba mkwe. Hakukuwa na chokaa nyingine kisiwani. Nikampeleka kiwanjani, nikafunua makuti mwenyewe. Alitia mkono, akatoa donge laini kama siagi, akalisugua baina ya vidole kama alivyokuwa akifanya mke wangu.

"Ami," alisema, "hii imeiva."

Niliketi chini. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima mwenye mvi, na yeye akaendelea kujaza kikapu bila kuniangalia. Nilimshukuru kwa hilo. Miaka yote nilikuwa nikiitamani kauli ile, na sasa nilikuwa tayari kutoa kila nilicho nacho nisiisikie.

Nilistaafu baada ya miezi michache. Waliniandalia soda na keki, mkuu wangu akanisifu, na kiinua mgongo kikaja kweli, jambo ambalo baba yangu angelihesabu miujiza. Binti yetu alitaka niende naye Mombasa. Nikamwambia mamake ameshanipangia mahali. Nikahamia Kudhaa, mwashi akaanza kazi.

Mke wangu alikuwa mtu wa vipimo, na chokaa aliipimia nyumba ile, wala hakuacha cha ziada. Vyumba vilisimama, birika likapigwa lipu, baraza ya kushoto ikaisha. Kufika ya kulia, chokaa ikamalizika. Mwashi alisema tuchome tanuri jingine, tulingoje mvua mbili. Au atie saruji kidogo, hakuna atakayejua.

Nikamwambia aache. Mwenye baraza ile alikuwa ameshapewa chokaa yake.

Siku hizi kila asubuhi nakunywa chai barazani, kama nilivyomwambia yule kijana. Nyumba ni madhubuti, haina hata ufa. Naketi upande wangu wa kushoto, na sikio langu zuri linaelekea mahali pasipojengwa.