Bakuli la Kaburi la Mnara

Nilipokuwa mtoto, siku lilipobanduliwa bakuli kwenye kaburi la kale nyuma ya mashamba yetu, karibu na Tingi, waliokuwapo ni hawa: Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza ambaye jina lake sikulijua; Jumbe Makame bin Omari; bibi yangu mzaa mama, Bi Zainabu binti Salimu; mwanawe Athumani bin Saidi, mjomba wangu, aliyekuwa tarishi wa boma; na mimi, niliyemchukulia Bibi chetezo.

Kaburi lile lilikuwa na mnara wa mawe, na juu yake mabakuli ya kauri yaliyojengewa kwenye chokaa. Kila mwaka kabla ya kupanda mpunga, wanawake walifukiza ubani pale. Hakuna aliyegusa kitu.

Bwana Shauri alitaka bakuli moja.

"Panda, Athumani," Jumbe alisema. "Kazi yako hiyo."

"Mbona hupandi mwenyewe?" Bibi alimuuliza. Jumbe akamnyooshea Athumani patasi. Bibi akamgeukia mwanawe. "Lina wenyewe hilo. Atakayelibandua hatakula mpunga wa mwaka huu."

Mjomba alicheka. "Basi mama, nitakula muhogo."

Akapanda na patasi. Angekataa angevuliwa sare, na sare ile ndiyo iliyotulisha sote.

Maneno ya Bibi yalifika kijijini kabla yetu. Watu wakaacha kula na mjomba sinia moja. Masika yakaja na homa, naye akashindwa kusimama. Siku zile mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Kivinje alibebwa kitandani, mabegani mwa wanaume wanne. Bibi alizunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta, nami nyuma yake.

"Si wewe mwenyewe uliyesema, Bi Zainabu?" Jumbe alimjibu mlangoni.

"Nilisema ili asipande."

"Ndiyo umeshasema."

Siku hizi wageni huonyeshwa tundu la lile bakuli na kuambiwa kwamba wenyewe wa pale hawachezewi. Mimi nilisoma shule ya serikali, na kwa miaka mingi nilijiuliza kama niamini au nisiamini. Sasa sijiulizi. Neno la Bibi lilitimizwa na watu ninaowajua kwa majina. Yeye hakufukiza tena ubani, wala hakula wali hadi mwisho wake.

Athumani bin Saidi alikufa Alhamisi alasiri, mpunga ukiwa bado shambani. Kubeba jeneza walikuja wanaume wote, Jumbe akiwa mbele.