Pango la Bibi Chini ya Jengo

Nilipokuwa mtoto niliamini kila jengo la Jeddah lina pango chini yake, na imani hiyo nilipewa na bibi yangu. Yeye alizaliwa Makunduchi, ambako watu walikwenda pangoni kuombea mvua. Tuliishi naye mtaa wa Sharafiya, na kila aliposhuka kwenye maegesho ya magari chini ya jengo letu, penye giza na matone ya viyoyozi, alivua viatu.

"Hapa pana wenyewe," aliniambia.

"Pana gari la baba, Bibi."

"Na wenyewe pia."

Mwaka ule baba na ami waliamua Bibi akaishi Riyadh, nyumbani kwa ami, mtaa wa Suwaidi. Wote waliafiki isipokuwa Bibi, ambaye hakuulizwa. Nililia sana. Mimi ndiye niliyelala naye, na sikujua nani mwingine angenikuna mgongo mpaka nisinzie.

Siku moja kabla ya safari, baada ya alasiri, Bibi alinishika mkono tukateremka na sinia la wali mweupe, yai na ubani. Akaliweka sakafuni, nyuma ya gari la baba.

"Mvua haikai mbinguni, mwanangu. Hukaa pangoni, hungoja kubishiwa hodi."

Akabisha hodi ukutani. Nami nikabisha kwa ngumi zote mbili.

"Jeddah mvua ya nini, Bibi?"

"We bisha, usiulize."

Asubuhi mvua ikamwagika, si kunyesha. Tuliposhuka na mabegi, gari la baba lilikuwa limezama hadi vioo, na sinia la Bibi likielea taratibu, yai juu yake zima.

Baba alilitazama sinia, kisha akamtazama mama yake. "Mama, hiki nini tena?"

"Halas, safari imekufa," alisema Bibi kwa sauti ya msiba, akageuka kupanda ngazi. Nilimwona akitabasamu.

Gari lilipotengenezwa, hakuna aliyethubutu kuitaja Riyadh tena. Bibi alikaa nasi mpaka alipofariki.

Majuzi nilitazama kipindi cha televisheni kuhusu Wamaya wa kale, watu wa ng'ambo ya mbali walioingia mapangoni na ubani wao kumwomba mungu wa mvua, wakiamini mawingu huzaliwa humo. Nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka Bibi, machozi yakanitoka. Watu wazima hawakumuuliza anataka nini, naye akaenda kubisha hodi kwa wale aliowajua kuwa husikiliza.

Baba anasema ulikuwa msimu wa mvua tu, na mambo hayo hayaamini. Lakini mpaka leo gari lake huliacha barabarani.