Kamba Isiyoloweshwa

Siku yangu ya kwanza katika karakana moja ya mtaa wa Gerezani nilivaa shati la mikono mirefu, kana kwamba nakwenda kwenye usaili. Msimamizi, mama wa makamo aliyehamia kutoka Newala, alinitazama akacheka. "Shahada iweke kabatini, msomi. Hapa tunasuka."

Tulisuka bangili na vishikio vya funguo kwa kamba ya parashuti, ile yenye ala laini nje na nyuzi saba ndani. Wachuuzi wa Kariakoo waliziuza kama zawadi. Ncha huchomwa kwa kiberiti cha gesi, kisha hubanwa kwa kidole kabla hazijapoa. Lakini kabla ya yote, kamba mpya ililoweshwa ndooni usiku kucha na kuanikwa, kwa kuwa maji ya kwanza huifanya isinyae na kufupika. Niliuona utaratibu huo kuwa ushirikina, na nikasema hivyo.

"Kwani naiogesha?" Msimamizi alinijibu. "Ningetia sabuni."

Mwaka wangu wa pili, familia moja ya Ilala iliagiza bangili za wasichana wa kumsindikiza bibi harusi, wazivae kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, na harusini. Mvua ilikuwa haikatiki, na kamba tulizoanika hazikukauka. Nikasukia kamba mpya ambayo haijagusa maji, bila kumwambia mtu.

Asubuhi baada ya sendofu, mama wa bibi harusi alipanda ngazi zetu na bangili mbili zilizokatwa kwa mkasi. Wasichana walinyeshewa wakitoka ukumbini.

"Zimewabana mpaka mikono imevimba! Na harusi keshokutwa. Nani kasuka hizi?"

"Mimi, mama," alisema Msimamizi. "Karakana ni yangu."

Mama yule akanigeuzia macho. Kisha nikasema, "Ni mimi. Sikulowesha kamba."

Mama yule akashusha pumzi. "Nataka mpya kesho jioni."

Alipoondoka, Msimamizi alinisukumia ndoo kwa mguu. "Haya, msomi. Kachote ushirikina wako."

Tulizikausha kamba mbele ya feni, tukazisuka sote wawili, zikafika kwa wakati.

Nilisuka pale miaka kumi na mitano, hadi vidole vikafa ganzi na daktari akaniamuru niache. Vijana ninaowasimulia hunisifu kwa kukiri kosa siku ile. Nami huwarekebisha. Kabla sijafungua kinywa, mteja alikuwa ameshanikazia macho. Sijui kama ningesema iwapo asingenitazama. Msimamizi alisema "mimi" wakati hakuna aliyemtazama.